Kumtafuta mwalimu wa vipasana ukiwa Unguja au Pemba

Mwishoni mwa karne ya 19, Sheikh Abdalla Bakathiri alipanda chombo akaenda Hadhramaut kukaa mbele ya masheikh wa huko. Hakuwa mwanafunzi mchanga wakati huo. Alikuwa tayari mtu wa elimu, na hapa Unguja alikuwa na mwalimu mkubwa, Sayyid Ahmad bin Sumeit, lakini aliona kwamba yapo mambo ambayo hayapatikani ila kwa kuwafuata wenyewe na kukaa nao. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na madrasa ya Ukutani iliendelea kusomesha baada yao. Mwendo wao tunao hadi leo: mtu akitaja alichosoma, wazee humuuliza amesoma kwa nani, na huyo naye alisoma kwa nani.

Nimeanza na safari hiyo kwa sababu nataka kuandika juu ya mafunzo yaliyotoka mbali zaidi, taamuli ya Kibudha iitwayo vipasana, na juu ya namna mtu wa visiwa hivi anavyoweza kupata mwalimu, wenzake wa kukaa nao, na kambi za ukimya ambamo mtu hujifunza kwa siku nyingi mfululizo. Mimi ninasali na ninafunga, na ninaandika nikiwa hivyo. Kila ninavyoendelea na mafunzo haya ninazidi kuamini kwamba desturi yetu ya kutafuta elimu inatosha kutuongoza, iwapo tutaitumia kwa uzito uleule tunaoutumia tunapomtafutia mtoto mwalimu wa Kurani.

Vipasana inafundishwa hasa na Mabudha wa madhehebu ya Theravada, walioko Burma (sasa Myanmar), Thailand na Sri Lanka. Asili yake ni hotuba ya Budha ijulikanayo kwa jina la Satipatthana, iliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, ambayo inamtaka mtu auangalie mwili wake, aangalie hisia za raha, za maumivu na zile zilizo baina ya hizo, aangalie hali za moyo wake, na aangalie mambo yanayoingia na kutoka katika fikra. Kwa maneno ni jambo jepesi. Mwanafunzi anakaa chini, anayaelekeza mazingatio yake kwenye pumzi inavyopita puani au kwenye tumbo linavyopanda na kushuka, na kila fikra zinapomchukua anatambua kwamba zimemchukua, kisha anarudi. Baada ya muda pumzi inabaki kuwa mahali pa kuegemea tu, na kinachoangaliwa ni chochote kinachotokea: goti linalouma, hasira inayozuka kwa kukumbuka neno la jirani, usingizi, hamu ya kuinuka na kuondoka. Anayekaa na maumivu ya goti bila ya kuyakimbia huona kwamba yanachoma, yanapwita, yanahama, yanapungua na kurudi, na kwamba sehemu kubwa ya dhiki yake ilitokana na kuyakataa. Huona pia kwamba nia ya kuunyoosha mguu huja kabla ya mguu kunyooka, na kwamba baina ya nia na tendo pana nafasi ndogo ambayo hakuwahi kuitambua. Faida ya nafasi hiyo nimeiona zaidi nyumbani kuliko mkekani, katika namna ninavyowajibu watoto wangu nikiwa nimechoka.

Kwa muda mrefu mafunzo haya yalikuwa zaidi mikononi mwa watawa. Waingereza walipoivamia Burma ya kaskazini mwaka 1885 na ufalme uliokuwa ukiilinda dini ukaanguka, wanavyuoni wa Kibudha waliingiwa na hofu kwamba dini yao itapotea. Mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) alikuwa miongoni mwa walioikabili hofu hiyo kwa kuwafundisha watu wa kawaida mambo yaliyokuwa yakisomwa katika nyumba za watawa. Katika mwendo wake alijifunza Saya Thetgyi, mkulima ambaye hakuwa mtawa; kwa Saya Thetgyi alisoma U Ba Khin (1899–1971), na kwa U Ba Khin alisoma S. N. Goenka (1924–2013), mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay, ambaye alimwendea kwa kuwa alikuwa akiteswa na kipandauso. Goenka alikwenda India mwaka 1969 akaanza kufundisha, na kozi za siku kumi alizozieneza sasa zinafanyika katika nchi nyingi za dunia.

Katika silsila hiyo ninayemrudia mara kwa mara ni U Ba Khin, labda kwa sababu mimi ni mhasibu. Burma ilipopata uhuru mwaka 1948 yeye ndiye aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa serikali, mtu mwenye mke na watoto, mwenye faili mezani na wakubwa wa kuwajibika kwao, na juu ya hayo aliwafundisha taamuli watumishi wa ofisi yake. Mwaka 1952 kilifunguliwa kituo chake mjini Rangoon, naye aliendelea na kazi ya serikali kwa miaka mingi baada ya hapo. Watu wengi hapa kwetu wanadhani kwamba taamuli ni ya mtu aliyeikimbia dunia, au ya mgeni mwenye fedha asiye na la kufanya. Historia ya U Ba Khin inaonesha kwamba yalikuwepo mafunzo kamili yaliyowekwa kwa ajili ya mtu anayerudi kazini siku ya pili.

Silsila ya pili iliyoenea sana ni ya Mahasi Sayadaw (1904–1982), naye wa Burma. Kwake mwanafunzi huangalia tumbo linavyopanda na kushuka na kulipa jina dogo la ndani kila linalotokea, hukaa saa moja na kutembea polepole saa moja, na huonana na mwalimu wake mara kwa mara kumweleza alichokiona. Kutokana na Mahasi, pamoja na walimu wengine wa Burma, Thailand na India, walitoka Wamarekani Joseph Goldstein, Sharon Salzberg na Jack Kornfield, ambao mwaka 1975 walianzisha Insight Meditation Society, yenye makao yake katika mji mdogo wa Barre, Massachusetts. Kule Uingereza kipo kituo cha Gaia House, Devon, kilichoanzishwa mwaka 1983. Mihadhara ya walimu wengi wa mwendo huu imewekwa bure katika hazina ya sauti iitwayo Dharma Seed, na mtu mwenye simu na bando akiwa Micheweni anaweza kuisikiliza, ingawa ni kwa Kiingereza.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, katika kusikiliza. Kusikiliza kuna faida, nami nimefaidika nako, lakini sikubali kwamba kunatosha. Nimezaliwa Pemba katika mashamba ya karafuu, na najua kwamba mtoto hafundishwi kuchuma kwa maelezo. Hupanda mkarafuu pamoja na mkubwa wake, akalishika shada, akaoneshwa kwamba hili limeshakuwa tayari na hili bado, mpaka jicho lake likazoea. Taamuli ni hivyo pia. Mwanafunzi anaweza kukaa mwaka mzima akidhani kwamba utulivu wake ni mazingatio, kumbe ni usingizi uliokaa vizuri, au akadhani kwamba ameharibikiwa kwa kuwa hofu za zamani zimepanda, kumbe amefika mahali ambapo kila mwenye kufuata njia hii hupita. Sauti iliyorekodiwa haimuulizi lolote. Mwalimu aliye mbele yake humuuliza maneno machache tu, akayasikiliza majibu, akajua wapi pa kumrekebisha.

Kwa sababu hiyo namshauri mtu amtafute mwalimu kwanza, na mahali baadaye. Katika pwani ya mashariki, kuanzia Jambiani na Paje hadi Matemwe, zipo hoteli zinazotangaza wiki za yoga na taamuli kwa bei ya dola, na wanaoziendesha wengi ni watu wema wanaowapa wageni mapumziko ya kweli. Lakini anayetaka kujifunza vipasana aulize mambo ambayo tangazo huwa halina: anayefundisha alijifunza kwa nani na kwa muda gani, nani alimruhusu kufundisha, na yuko nani juu yake ambaye mwanafunzi anaweza kumpelekea shitaka. Picha ya mtu aliyekunja miguu mbele ya bahari haijibu hata moja katika hayo.

Kipo kisa kinachosimuliwa sana misikitini kwetu, cha mtu aliyemsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar. Umar alimuuliza kama ni jirani yake, kama amewahi kusafiri naye, na kama amewahi kufanya naye muamala wa fedha. Alipojibu kwamba hayo hayakuwepo, Umar akamwambia kwamba hamjui. Nilifurahi sana nilipokuta kwamba mafundisho ya Budha yanasema jambo linalokaribiana na hilo: kwamba uadilifu wa mtu hujulikana kwa kuishi naye, tena kwa muda mrefu, na kwa anayeangalia kwa makini. Imo pia hotuba ambayo Budha anawataka wanafunzi wamchunguze hata yeye mwenyewe, waangalie matendo yake na wasikilize maneno yake kabla ya kumwamini. Mwalimu anayekasirika kwa kuulizwa, basi, anakwenda kinyume na anachokifundisha. Na hapa nasema kwa msisitizo, hasa kwa dada zetu: mwalimu anayemtaka mwanafunzi amfiche siri, anayetafuta faragha isiyo na sababu, au anayesema kwamba kumtii yeye ni sehemu ya mafunzo, aachwe siku hiyohiyo, hata awe na silsila ya kufika kwa Budha. Vituo makini kama Spirit Rock cha California vimewawekea walimu wao kanuni za maadili zilizoandikwa, kwa sababu madhara ya namna hiyo yamewahi kutokea katika jamii nyingi za taamuli.

Jambo la fedha nalo lina dalili zake. Katika mwendo wa Goenka hakuna ada, wala kituo hakipokei mchango wa mtu ambaye hajamaliza kozi. Aliyemaliza hutoa anachokiweza ili mwengine apate nafasi. Vituo vya mwendo wa Marekani na Uingereza hutoza chakula na malazi, mara nyingi kwa viwango tofauti kulingana na uwezo, na mwalimu hupewa sadaka mbali. Taratibu zote mbili naziona ni za haki. Ninachokitilia shaka ni daraja za elimu zinazouzwa, ya kwanza kwa bei hii na ya juu kwa bei ile.

Sasa niseme lile ambalo Mwislamu wa Zanzibar atajiuliza kabla ya yote. Kozi ya siku kumi ya Goenka ina kanuni zake zilizo wazi, na kila anayeomba nafasi hupewa azisome. Mtu huamka saa kumi usiku, hukaa katika taamuli karibu saa kumi kwa siku, hula chakula cha mwisho kikubwa saa tano asubuhi, hasemi na wenzake mpaka asubuhi ya siku ya kumi, hana simu, kitabu wala kalamu, na wanaume hukaa mbali na wanawake. Huahidi kutoua, kutoiba, kujizuia na tendo la ndoa kwa siku zote za kozi, kutosema uongo na kutotumia ulevi. Yote hayo hayamsumbui mtu aliyewahi kukaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani. Lakini kanuni hizo pia zinataka sala na ibada zote zisimamishwe kwa muda wa kozi, pamoja na kuvuta tasbihi, na siku ya kuanza mwanafunzi hutamka kwa Kipali maneno ya kujilinda kwa Budha, mafundisho yake na jamii ya wafuasi wake. Waandaaji wanaeleza kwamba hilo halimtoi mtu katika dini yake. Nayaheshimu maelezo yao na ninaamini kwamba wanayasema kwa nia safi. Hata hivyo sala tano kwangu si jambo la kusimamisha, na maneno yale siwezi kuyatamka. Kwa hiyo sikuomba nafasi, na kila Mwislamu anayeniuliza namweleza hivyo kabla hajakata tiketi, ili aamue akiwa na habari kamili.

Niliandika barua kwa walimu wa mwendo mwengine nikauliza waziwazi. Aliyenijibu vizuri zaidi ni mtawa mmoja wa Sri Lanka anayekaa Bara, mzee mwenye maneno machache. Nilipomwendea na kumweleza tena kwa mdomo, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema:

“Wewe una sala zako kwa wakati. Ukifika wakati, ondoka polepole, tawadha huku ukiangalia, sali huku ukiangalia, kisha rudi ukae.”

“Na nikitofautiana nawe katika itikadi, bwana?”

“Nitakufundisha kuangalia. Utakachokiona, utakiona wewe.”

Tofauti zenyewe zipo na hazifai kufunikwa. Ubudha unafundisha kwamba hakuna nafsi inayodumu, na unazungumzia kuzaliwa tena baada ya kufa; mimi naamini roho na kufufuliwa. Tunapokutana ni katika kutodumu kwa vitu vyote vya dunia, jambo ambalo Surat Rahman inalisema kwa aya fupi ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua. Kuisoma aya hiyo ni jambo moja; kukaa saa nzima ukiona raha, maumivu, sifa na lawama zikija na kuondoka ndani ya kifua chako kumeniongezea khofu na unyenyekevu ninapoisoma. Masheikh wengine watanipinga, na wana haki ya kunipinga. Nimemweleza sheikh wangu kila kitu, akaniwekea mipaka, nami ninaifuata.

Mtu wa Unguja au Pemba akwende wapi, basi? Mahali pa karibu ni Dar es Salaam, ambako lipo hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia huko mwanzoni mwa karne ya 20, na aliyeko Unguja anaweza kuvuka kwa boti asubuhi akafika kabla ya adhuhuri. Uganda, karibu na Entebbe, kipo Uganda Buddhist Centre, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na Ubudha akiwa mwanafunzi India na akapata utawa mwaka 2002. Kumsikia Mwafrika wa Mashariki akizifafanua hisia za mwili kwa mifano ya maisha tunayoyajua ni msaada mkubwa kwa wanaoanza. Afrika Kusini kipo kituo cha Goenka kiitwacho Dhamma Pataka, karibu na mji wa Worcester, na kipo kituo chengine cha Kibudha, kisicho cha Goenka, huko Ixopo, KwaZulu-Natal, kilichofunguliwa mwaka 1980. Mwenye uwezo wa nauli ya Sri Lanka atakuta kituo cha Nilambe, karibu na Kandy, na vingine vingi.

Anayeanza asiende moja kwa moja kwenye kambi ndefu. Akae kwanza nyumbani nusu saa kila siku kwa miezi michache, halafu siku moja kamili, halafu mwisho wa wiki, na ndipo aombe likizo ya kazini kwa siku kumi au zaidi, akikumbuka kwamba kozi ya siku kumi pamoja na kufika na kuondoka inakula karibu siku kumi na mbili. Aliyewahi kuugua maradhi makubwa ya akili, au aliye katikati ya msiba mzito, amshauri daktari na amweleze mwalimu bila ya kuficha, kwa sababu ukimya wa siku nyingi unaweza kumzidishia. Vituo vizuri huuliza habari hizo katika fomu, na fomu isiyouliza chochote inanitia wasiwasi.

Baada ya kambi, kinachomhifadhi mtu ni wenzake. Mjini tuko wachache tunaokutana Jumapili asubuhi katika ukumbi wa nyumba moja Kikwajuni: muuguzi, mtembeza watalii, walimu wa skuli, bibi mmoja wa Kihindi mwenye duka, na wageni wawili watatu wanaoishi hapa. Wanaume tunakaa upande mmoja na wanawake upande wa pili, kama tulivyozoea. Tunakaa dakika arubaini, tunatembea uani, tunakaa tena, kisha kila anayetaka husema alichokutana nacho wiki hiyo bila ya mwengine kumhukumu. Hakuna kati yetu anayejiita mwalimu, na hilo tunalichunga sana. Tulipoanza, maneno yalienea mtaani, basi tukaona ni adabu kwenda wenyewe kwa sheha.

“Mnaabudu nini humo ndani?” aliuliza.

“Hatuabudu kitu, mzee. Tunakaa kimya tukaangalia pumzi zetu, na ikiadhiniwa adhuhuri tunakwenda msikitini kama watu wengine.”

“Na yule mama wa Kihindi?”

“Ana dini yake, na hakuna anayemwambia lolote.”

Alitaka majina yetu na alitaka mlango uwe wazi tunapokuwa ndani, na mlango umekuwa wazi tangu siku hiyo. Majirani wakipita wanatoa salamu, tunaitikia, tunaendelea.

Kwa wenzetu wasioweza kusafiri, hasa akina mama wenye watoto wadogo, tumemuomba yule mtawa wa Bara aje akae nasi siku chache, naye amekubali. Kumpokea mtawa wa Theravada kunataka matayarisho: hali chakula baada ya saa sita mchana, hakai faragha na mwanamke, na fedha hapewi mkononi, kwa hiyo lazima awepo mwanamume wa kumpokelea mizigo na kumlipia nauli. Kwa sababu ya chakula chake cha asubuhi, tumeona asije Ramadhani, tukakubaliana Mfungo Mosi, baada ya sikukuu na sita za Shawwal. Atamsikiliza kila mtu mbele ya mwenzake, ukumbini, mlango ukiwa wazi kama alivyotaka sheha, na muuguzi wetu atamfasiria kwa wasiojua Kiingereza. Wa kutoka Pemba watapata pa kulala kwa jamaa zetu Kikwajuni na Kisiwandui.